Nimelipia Siti, Nipeni na Pa Kusimama

"Mama, kaa chini, trafiki yule pale!" Anayesafiri na mabasi ya mikoani ameshaisikia sauti hiyo ya kondakta. Waliopandishwa njiani bila siti huchuchumaa kwenye korido, vichwa vinashuka chini ya usawa wa vioo, na basi linapita mbele ya askari likiwa na sura ya basi lisilozidisha abiria. Nami huamriwa kuchuchumaa nao. Siti yangu ipo, ina namba, nimeilipia kwa simu mapema, na juu yake nimeacha kanga niliyoiviringisha. Nimesimama kwa sababu kiuno kimefika mwisho wake.

Nafundisha jiografia katika sekondari moja ya Mbeya, na njia ya kwenda Dar es Salaam naijua kwa ramani na kwa nyama. Diski iliyo kati ya pingili mbili za chini za mgongo wangu imechomoza na kuugandamiza mshipa wa fahamu unaoteremkia mguu wa kushoto. Nikitembea, hakuna anayegundua kitu. Nikilala ubavu na mto katikati ya magoti, mimi mwenyewe naweza kusahau. Nikikaa, dakika 20 za mwanzo ni za amani. Halafu kitako kinaanza kuchemka, moto unateremka nyuma ya paja, unatua kwenye kigimbi, na dole gumba la mguu linakufa ganzi. Mpe mtu wa namna hiyo kilomita zipatazo 830, saa 12 hadi 14 barabara ikiwa njema, na kiti ambacho sijamwona bado binadamu anayelingana na mgongo wake.

Kuna wanaosema basi usisafiri. Kliniki yangu iko Dar. Dada yangu yuko Dar. Watoto wa kaka zangu wanaoa na kuolewa kila mahali, na misiba haichagui mkoa. Ndege zinaruka kutoka Songwe, ila kwa mshahara wa mwalimu nauli yake ni ya siku ya dharura. Treni ya kisasa tangu mwaka 2024 inatoka Dar kupitia Morogoro hadi Dodoma, na wenzangu wenye migongo wanaoishi huko wananisimulia jinsi wanavyoinuka na kutembea behewa zima bila kuombwa maelezo na mtu. Mbeya haipo kwenye njia hiyo. TAZARA tunayo, na kwa mgonjwa wa mgongo ile reli ni neema: daraja la kwanza vitanda 4 kwa chumba, daraja la pili 6, unalala chali huku nchi ikipita dirishani. Nikiwa na likizo na sina haraka, naipanda. Lakini tarehe ya kliniki, au simu ya saa 9 usiku kwamba fulani amefariki, haingoji siku ya treni. Kwa hiyo ni basi, na ninayoyasema hapa ni ya basi.

Niseme mapema kwamba trafiki ana haki. Mtu aliyesimama katika basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hana mkanda. Dereva akikanyaga breki kwenye kona za Kitonga, huyo anaruka hadi kioo cha mbele na kuwaumiza waliokaa. Sidai ruhusa ya kusimama basi likitembea, ingawa nimesimama na kiuno changu kitanifanya nisimame tena. Ninachodai ni kwamba, kama sheria inanitaka nikae basi linapotembea, basi hilo lisimame kwa muda unaojulikana, mahali panapojulikana, ili nami nisimame. Hilo tu. Mengine yote ninayoyasimulia hapa ni ya kueleza kwa nini jambo dogo namna hiyo ni kubwa.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeyapa maumivu sugu namba yake: maumivu yanayodumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3. Wagonjwa wa mgongo, wa jongo, wa baridi yabisi, wa selimundu, waliofanyiwa upasuaji ukapona kidonda lakini mshipa ukabaki unalia, akina mama wenye maumivu ya nyonga yasiyokoma, wote wamo humo. Ndani ya basi la watu 50 na zaidi siko peke yangu. Tunatambuana. Yule aliyekaa upande mmoja wa tako, yule anayeshika kiti cha mbele na kujinyanyua kila tuta linapokaribia, yule ambaye kila kituo anakuwa wa kwanza mlangoni ingawa hana haja wala mzigo.

Kukaa si kupumzika, hata kama dunia nzima inakuita kukaa kwa jina hilo. Ukikaa umelegea, misuli ya tumbo na mgongo inaacha kazi, na uzito wa kifua, kichwa na mikono unazielemea zile pingili za chini. Diski ya mtu mzima haina mishipa yake ya damu. Inapata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, yaani kwa mwendo. Ongeza mtikisiko. Waliopima wamekuta kwamba uti wa mgongo wa mtu aliyekaa huitikia zaidi mtikisiko wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na gari kubwa barabarani linatoa mtikisiko wa kiwango hichohicho. Ndiyo maana unaweza kukaa ofisini saa 3 ukavumilia, na basini saa moja na nusu ukashindwa. Mgongo uliokaa toka Uyole hadi Iringa hunyooka kama panga lenye kutu linapochomolewa kwenye ala.

Nimejifunza siti. Za nyuma ya ekseli ya nyuma sizitaki hata kwa nusu nauli. Kule kila tuta linakurusha, na matuta ya njia hii hayana hesabu. Siti ya mbele kabisa ina mandhari, lakini magoti yanagota ukuta na huwezi kunyoosha mguu. Siti ya dirishani ni ya wenye mgongo mzima. Ya kwangu ni katikati ya matairi ya mbele na ya nyuma, upande wa korido, kulia ili mguu wa kushoto upate pa kunyooka. Kanga naiviringisha iwe nene kama mkono na kuiweka kwenye uvungu wa kiuno, si juu, si chini. Begi dogo linakwenda chini ya miguu ili magoti yapande kidogo. Kwenye mteremko wa Kitonga, dereva anapoliachia basi lishuke kwa gia, mwili wote unasukumwa mbele. Hapo natanua miguu na kuegemeza viganja kwenye kiti kilicho mbele. Matuta ya ndani ya Hifadhi ya Mikumi yamewekwa kwa ajili ya tembo na pundamilia, nami siwaonei wivu, ila najinyanyua kwa mikono kabla tairi la mbele halijapanda, kisha narudi taratibu. Barabara inakatiza hifadhi kwa kilomita zipatazo 50 na huko hakuna kushuka. Basi ambalo halikusimama Mikumi mjini limekufunga hadi ng'ambo ya hifadhi.

Kisha kuna siti yenye jirani. Safari ndefu ya Kitanzania haina mipaka ya siti, na kwa kawaida hilo ni jambo jema. Mama mwenye watoto watatu anakwambia, "Dada, nipakatie huyu mdogo," na mtoto ameshafika mapajani kabla hujajibu. Kukataa mtoto ni aibu. Mimi nakataa. Nasema, "Samahani mdogo wangu, nina mgongo, lete begi lake nilishike," na mara nyingi anaelewa, na mara chache ananitazama usoni kuutafuta huo mgongo, asiuone. Utafutaji huo umenichosha kuliko mguu. Laiti ningekuwa na gongo au plasta, ningepewa siti ya kuchagua na maji ya kunywa. Nina uso mzima na miwani, basi naitwa mama mwenye maringo.

Kijana mmoja aliyekaa nami kutoka Makambako alinifundisha kwamba wengine wana hesabu ngumu zaidi. Asubuhi ile ya Makambako ilikuwa ya ubaridi wa kawaida yake, na alikuwa amevaa makoti mawili. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, bonde la joto na vitunguu, kila mtu alivua. Yeye hakuvua, maana kiyoyozi kilikuwa kimewashwa na mdomo wake ulikuwa juu ya kichwa chake. Ana selimundu. Baridi inaweza kumletea maumivu ya mifupa ya kumlaza wodini. Kukaukiwa maji nako kunaweza. Kwa hiyo lazima anywe maji mengi, na anayekunywa maji mengi lazima ashuke. Alikuwa na chupa ya lita moja na nusu mkononi na aliipima kwa macho, funda baada ya funda, akilinganisha na umbali wa kituo ambacho hakuna aliyejua ni kipi. Alimwomba kondakta apunguze baridi. Kondakta akamwambia abiria wengine watalalamika joto. Nilimpa kanga yangu azibe ule mdomo, na mgongo wangu ukakaa bila kanga hadi Mikumi.

Hapo ndipo penye kiini cha yote: maji na choo. Msafiri wa mikoani anajua kuchimba dawa. Basi linaegesha pembeni ya pori, wanaume wanakwenda upande huu, wanawake upande ule, na honi inalia kabla hujapata kichaka. Kwa mwenye kiuno kibovu ni hivi: ngazi ya basi iko juu, ardhi iko chini na imeinama, kuna mtaro wa kuruka, kuna nyasi zenye umande au nyoka, halafu uchuchumae. Kuchuchumaa ninaweza. Kuinuka ndiyo kazi. Wanawake wengi wameshafanya uamuzi wao zamani: hawanywi maji tangu jana yake jioni. Ukimwuliza anasema, "Nasafiri kesho," na kila anayesikia anaelewa.

Sasa chukua huyo asiyekunywa maji, mpe kidonge cha diclofenac alichonunua duka la dawa la karibu na stendi bila kuandikiwa na daktari, ameze na soda nusu, na arudie saa 6 mchana bila kula. Dawa za jamii hiyo hukwangua tumbo, hilo wengi wanalijua kwa jina la vidonda vya tumbo. Wasilolijua wengi ni kwamba hupunguza pia damu inayokwenda kwenye figo, na mwili uliokaukiwa maji unaumia zaidi. Daktari wangu alinichorea jambo hilo kwenye karatasi, nami nimelirudia kwa wenzangu stafu hadi wamechoka: kama unakunywa vidonge hivyo, kunywa maji, kama basi halikuruhusu kunywa maji, zungumza na daktari juu ya dawa nyingine kabla ya safari, si ndani ya safari. Na wale wanaoshauri umeze piriton ulale moja kwa moja hadi Chalinze, mgongo haulali. Unaamka shingo imepinda, kiuno kimekaa mkao mmoja saa 3, na deni lote unalipa kwa mkupuo.

Dawa nyingine zinapanda zenyewe. Kati ya Mbezi na Kibaha, au mkitoka Msamvu, mzee nadhifu mwenye begi husimama pale mbele, anawasalimu ndugu abiria, anawaombea safari njema, kisha anaanza orodha: mgongo, kiuno, miguu kuwaka moto, ganzi, kukosa usingizi, nguvu za kiume, nuksi. Huwa nacheka, kwa kuwa dalili zangu tatu za kwanza amezitaja kwa mpangilio sahihi kuliko baadhi ya waganga wenye vyeti. Chupa yake ina unga usio na jina. Siununui, maana sijui unachanganyika vipi na ninavyomeza. Lakini tazama mikono inayonyooka kununua, utapata sensa ya maumivu ya nchi hii ambayo hakuna wizara imeifanya. Mzee yule anawajua abiria kuliko mwenye basi. Na kumbuka, yeye amesimama safari nzima na hakuna anayemwambia akae.

Labda mtu atasema gari binafsi ndilo jibu. Gari binafsi lina starehe zake: kiti kinalala, unachagua hewa, na ukipanda unakaa kwanza ndipo unazungusha miguu yote miwili pamoja, jambo ambalo kwenye gari la chini kama IST linaokoa sana. Lakini dereva ni shemeji. Shemeji ametoka Dar saa 11 alfajiri na ameshaahidi kwenye kundi la familia kwamba saa 10 jioni atakuwa anakula ndizi Mbeya. Kwake kila kusimama ni aibu ndogo. Ukimwambia "Shemeji, nisimamishie kidogo," anasema "Hapo mbele kuna pazuri," na hapo mbele ni kilomita 60. Kwenye basi ninaweza kugombana na kondakta nisiyemjua. Shemeji nitakutana naye Krismasi. Siku hizi, kabla hatujaondoka, tunakubaliana vituo mbele ya mke wake, na mke wake ndiye mwenye saa.

Magari ya msiba ndiyo mabaya kuliko yote, na hayo sina mtu wa kumshtaki. Ukoo unakodi Coaster, vile viti vya kukunja vya kwenye korido vinashushwa vyote, ndugu wanakaa bega kwa bega na mahema ya kuezekea yakiwa chini ya miguu. Safari ni ya usiku kucha ili mazishi yawe saa 7 mchana. Kusema siwezi ni kama kusema marehemu hakuwa ndugu yangu. Nilikwisha amua: natangulia au nafuata. Natoka mapema, nashuka Iringa, nalala gesti ya kawaida yenye godoro gumu, kesho yake namalizia. Ni nauli mbili na chumba juu yake. Shangazi alinitazama nikifika msibani nimenyooka, akasema mbele za watu, "Wewe siku hizi unasafiri kizungu." Nikamwambia, "Shangazi, ningekuja na wenzangu mngekuwa na wagonjwa wawili wa kuwahudumia, mfiwa na mimi." Akacheka, akanipa kazi ya kusonga ugali, ambayo hufanywa kwa kusimama.

Kuikata safari katikati ndiyo dawa bora ninayoijua, lakini si ya kila mfuko. Kwa wengi dawa iliyo ndani ya uwezo ni dakika 10 za kusimama kila baada ya saa 2 hivi. Na hizo dakika hazinufaishi wagonjwa wa mgongo tu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka karibu mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi ya kukaa bila kujongea, iwe kwa ndege, treni, basi au gari dogo. Hatari yenyewe kwa mtu mzima wa afya ni ndogo, lakini kwa mjamzito, kwa mwenye uzito mkubwa, kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni, si ya kuipuuza. Basi langu limewahi kutoka Mbeya na kusimama kwa maana ya kusimama mara moja tu kabla ya Morogoro: hotelini, mahali ambapo dereva anakula bure na abiria wanapanga foleni ya chipsi na foleni ya choo kwa wakati mmoja, kwa dakika zisizotangazwa. Unachagua kula, au choo, au kunyoosha mgongo. Nilichagua mgongo. Nilizunguka basi taratibu, mikono kiunoni, nikijipinda nyuma, na mama mmoja akaniuliza nimepoteza nini.

Sheria zetu hazina upofu juu ya mwili. Zinataka safari inayozidi saa 8 iwe na madereva wawili, kwa sababu walioziandika walijua kwamba mtu aliyekaa saa 8 hayuko sawa na alivyoanza. Dereva huyo amekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote ndani ya basi, kinachonesa na kusogezwa. Abiria hapumzishwi na abiria wa pili. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, na safari za usiku zina raha yake ya ubaridi na barabara tulivu, ila usiku dereva anaona watu wamelala na hasimami kabisa. Hapo ndipo saa za kukaa zinapokuwa nyingi zaidi, na hakuna anayezihesabu.

Wenye mabasi watasema muda. Ushindani ni mkali, abiria wenyewe wanachagua basi linalowahi, na anayesimama anapitwa. Nawaelewa. Lakini basi lilelile linalokosa dakika 10 za Mafinga limesimama Uyole likingoja abiria wa mwisho, limesimama nyuma ya malori ya Tunduma, limesimama kwenye foleni ya mizani ya Makambako, ya Wenda, ya Mikese, ya Vigwaza, milango ikiwa imefungwa, na limesimama popote penye mtu mwenye gunia la kupakia. Muda wa kusimama upo. Hautolewi kwa abiria. Na kama LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, itaweka sharti moja kwa mabasi yote ya njia moja, hakuna atakayepitwa kwa kuwa mwema.

Chombo cha kusimamia kipo pia. Mabasi haya yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo. Kifaa kinachoweza kuonyesha kwamba basi limevuka kilomita 80 kwa saa pale Igawa kinaweza pia kuonyesha kwamba limekaa Iringa dakika 2. Sihitaji kiti maalumu wala punguzo la nauli. Sihitaji kadi ya kuonyesha, kwa kuwa sitaki kila kondakta awe daktari wangu. Nataka vituo: kutoka Mbeya, tuseme Makambako, Iringa, Ruaha Mbuyuni, Mikumi kabla ya kuingia hifadhini, Morogoro, Chalinze. Kila kimoja dakika 10, penye choo cha kukaa hata kimoja, na kondakta atangaze muda kabla mlango haujafunguliwa. Kijana wa selimundu atajua chupa yake aigawe vipi. Mama wa watoto watatu atajua amwamshe nani na lini. Nami nitakaa, mkanda nimefunga, nikijua ni kilomita ngapi zimebaki hadi nisimame. Mwenye maumivu akijua mwisho wake uko wapi, anavumilia hata mara mbili ya anachovumilia gizani. Kila aliyewahi kuzaa analijua hilo.

Tiketi za siku hizi zinatoka kwenye mashine. Yangu ya mwisho ilinieleza jina langu, namba ya siti, namba ya basi, muda wa kuripoti, kwamba nauli ikishalipwa hairudishwi, na kwamba kampuni haihusiki na mzigo usioandikishwa. Chini yake palibaki karatasi nyeupe ya vidole viwili. Majina 6 ya vituo na dakika zake yanaenea hapo, na nafasi inabaki.